Mama Rubani Anajibu: Kwa nini mwanangu hanywi maji kazini?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja juu ya jambo moja, marubani wasiokunywa maji kazini, na sishangai. Jua la Februari limeikausha Arusha mpaka vumbi la Kisongo, kwenye uwanja wetu wa ndege, unalitafuna. Kwa wasomaji wapya: nilirusha Caravan, ndege ndogo ya abiria, kwenda mbugani kwa miaka 22, na sasa nafundisha marubani wachanga darasani. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenigusa mahali ambapo bado panauma.

SWALI: Mama Rubani, habari za kazi. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 26 anayerusha ndege ndogo za watalii kutoka Kisongo. Huondoka nyumbani saa 11 alfajiri akiwa amekunywa nusu kikombe cha chai. Namfungia chupa ya maji ya lita moja, jioni anarudi nayo imejaa vilevile. Nikimuuliza anasema, "Mama, huko hakuna choo, nikinywa nitajitesa." Akirudi kichwa kinamuuma, na amekuwa mkali, hata mdogo wake anamkwepa. Baba yake anasema ni uchovu wa kazi tu. Je, kutokunywa maji kunaweza kumfanya akosee akiwa angani, au najitia hofu bure?
Mama wa rubani, Sakina, Arusha

JIBU: Hujitii hofu bure, dada yangu. Nianze na kisa changu mwenyewe.

Ilikuwa mwezi Machi, masika ndiyo kwanza yanabisha. Tuliondoka Arusha saa 1 asubuhi, tukatua Manyara, kisha Seronera katikati ya Serengeti, kisha Kogatende kaskazini yake, tukarudi Seronera kuchukua watalii wanane wa kuwaleta Arusha. Tangu niamke nilikuwa nimekunywa kikombe kimoja cha kahawa. Chupa ya maji ilikuwa mfukoni mwa kiti, haijafunguliwa, kwa sababu ileile anayokupa mwanao. Pale Seronera tulikaa juani dakika 40 tukisubiri abiria. Uwanja ule uko zaidi ya futi 5,000 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliye nje kwenye kivuli anaweza kudhani kuna ubaridi. Lakini ukikaa nyuma ya kioo cha ndege iliyoegeshwa juani, ni kama umeingia kwenye tanuri la mikate. Jasho hulioni. Hewa ya kule ni kavu, inalipangusa kabla halijatiririka, nawe unajiona mkavu, unajisemea sijatoka jasho leo.

Tulipaa saa 9 alasiri. Mbele yetu nyanda za juu za Ngorongoro zilikuwa zimejifunika wingu. Kazi yangu ilikuwa nyepesi: nikate kulia mapema, nipite kusini juu ya Ziwa Eyasi ambako ardhi iko chini, safari iongezeke dakika kadhaa, basi. Sikufanya hivyo. Nilianza kushuka kutoka futi 9,500 nikitafuta upenyo chini ya wingu. Altimita, kipimo cha urefu kutoka usawa wa bahari, ikasoma 9,000. Ikasoma 8,700. Ukingo wa kreta uko kama futi 7,500, na jirani yake kuna vilele vinavyoupita kwa mbali. Kijana wa mafunzo aliyekaa kulia kwangu akasema kwa adabu, "Kapteni, kusini kuko wazi." Nikamkata: "Nimeona." Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimekodolea kijitundu kimoja cha mwanga kule mbele, na kichwani mlikuwa na neno moja tu, Arusha. Akasema mara ya pili, na safari hii sauti yake haikuwa na adabu. Ndipo nikageuza ndege.

Tulipokaribia Kisongo, mwongoza ndege akanipa zamu ya pili kutua. Nikamrudishia maneno yake sawasawa. Haikupita dakika moja nikamgeukia yule kijana: "Ametuambia wa pili au wa tatu?"

Nyumbani jioni nilikwenda chooni kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, na mkojo ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Sikuwa nimelewa. Sikuwa mgonjwa. Usiku wa jana yake nilikuwa nimelala vizuri. Siwezi kuapa kwamba ukosefu wa maji ndio peke yake ulionishika pale juu ya Ngorongoro. Joto lilikuwepo, na ile ilikuwa ni ruka ya tano siku hiyo. Lakini joto sikuweza kulipunguza, wala ratiba sikuipanga mimi. Maji yalikuwa mkononi mwangu, na kizibo sikukifungua.

Sasa nikueleze kinachotokea mwilini. Chukua mtu wa kilo 70. Akipoteza lita 1.4 ya maji kwa jasho, pumzi na mkojo bila kuirudisha, amepoteza asilimia 2 ya uzito wake. Damu inapungua ujazo, moyo unaongeza kasi ili kufidia, na mwili unapata shida kujipoza. Watu wengi huanza kuhisi kiu wakiwa wamefika hapohapo, au karibu yake. Mwongozo wa marubani wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, unaonya juu ya mambo mawili kuhusu kiu: inachelewa kuja, na inazimika upesi mno. Funda moja tu likigusa ulimi, kiu inaondoka hata kama mwili bado unadai lita nzima. Kwa hiyo anayengoja kiu imwamshe anamtegemea mlinzi anayeamka mwizi ameshatoka na televisheni.

Katika kiwango hicho cha asilimia 1 hadi 2, kabla mtu hajaanguka wala kuona kizunguzungu, akili imeshaanza kupungua makali. Umakini unayumba. Kumbukumbu ya mambo ya sasa hivi, kama zamu ya kutua au namba ya masafa ya redio, inavuja. Hasira inakuja juu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Dakota, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima marubani 40 wenye afya njema, wakilinganisha siku walizokunywa vya kutosha na siku walizokunywa kidogo. Waliopungukiwa maji kwa asilimia 1 hadi 3 ya uzito walirusha vibaya zaidi, na hata uwezo wao wa kujua kitu kiko wapi na kimeelekea wapi ulishuka. Uwezo huo wa pili kwa rubani ni kama macho ya ziada. Ndio unaokwambia mlima uko upande gani wakati wingu limeuficha.

Baba yake mtoto amesema ni uchovu. Hajakosea, ila amesimama katikati ya njia. Mwongozo huohuo unasema dalili ya kwanza ya upungufu wa maji inayoonekana ni uchovu. Ndiyo sababu jambo hili linajificha. Rubani anajiona amechoka, anasema kazi ni ngumu, anakunywa kahawa nyingine, na chupa inarudi nyumbani imejaa. Mpaka sehemu ya akili inayotakiwa kusema "leo siko sawa" nayo imeshachoka na haisemi.

Na sisi wa huku kwenye miinuko tuna jambo jingine la kubeba. Uwanja wa Arusha uko kama futi 4,550 kutoka usawa wa bahari. Siku jotoridi likifika nyuzi 30, hewa inapungua uzito, na ndege inapaa kana kwamba uwanja uko karibu futi 7,400. Injini inapata hewa nyembamba, mabawa yanashika kwa shida, ndege inakula njia ndefu zaidi kabla ya kuinuka. Siku hiyo ndiyo rubani anatakiwa apige hesabu kwa makini kuliko siku zote: abiria wangapi, mizigo kilo ngapi, upepo unatoka wapi. Na ni joto hilohilo lililomkausha. Saa anayohitaji busara nyingi ndiyo saa anayokuwa nayo kidogo. Hili nimelisema darasani mara nyingi, na nitaendelea kulisema.

Sasa ufanye nini, mama? Acha ile chupa ya lita moja. Kwa rubani anayeogopa choo, lita moja inaonekana kama adhabu. Mfungie chupa mbili za nusu lita. Asubuhi, badala ya nusu kikombe cha chai, mpe bakuli la mtori, supu ya ndizi na nyama. Mle mna maji, mna chumvi, na hata asiyependa kunywa atakula. Kisha tafuta mizani. Ajipime alfajiri kabla ya kutoka, ajipime tena akirudi, kabla hajala. Kilo moja iliyopotea mchana ni takriban lita moja ya maji. Vijana hawa wanaamini namba kuliko wanavyowaamini mama zao. Mimi mwenyewe siku ya kwanza kujipima niliona kilo 1.6 zimeondoka, nikakaa kitandani nikiitazama ile mizani.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni rubani wa kike, nina miaka 24, na mwaka wa kwanza huu kazini. Nakuambia ukweli: nikiwa na safari, naacha kunywa maji tangu saa 2 usiku. Viwanja vingine vya porini havina choo, vingine kipo lakini huwezi kuingia. Wanaume wao wanazunguka nyuma ya gari, imekwisha. Mimi nina abiria wananitazama na nimevaa sare nyeupe. Nifanyeje?
Binti wa Njiro

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Miaka mingi nimefanya hicho unachokifanya, na hakuna aliyeniambia niache, kwa sababu sikumwambia mtu. Tulikuwa wanawake wachache, na kila mmoja alidhani ni aibu yake peke yake.

Kwanza, acha leo hii kufunga maji tangu usiku. Unaamka ukiwa tayari umepungua, maana hata usingizini unapumua na mvuke unatoka. Kisha unapanda futi 9,500 au 11,500 kwenye hewa kavu zaidi, ndani ya ndege isiyo na choo wala kivuli. Kunywa glasi mbili mara uamkapo. Kabla ya kutoka nyumbani sehemu ya maji hayo utakuwa umeshayatoa, na mengine utayatoa kwenye choo cha Kisongo kabla ya kupanda. Baada ya hapo kunywa kidogo kidogo: mafunda manne matano kila ndege ikishatulia angani. Maji yanayoingia polepole mwili unayatumia. Ukibugia chupa nzima mara moja, mengi yatakimbilia kibofuni, nawe utaniona mwongo.

Pili, panga choo kama unavyopanga mafuta. Kabla ya kuondoka asubuhi unajua wapi utajaza na wapi hutajaza. Jua vilevile kiwanja kipi kina choo kinachofaa, na pale ushuke hata kama hujabanwa. Mahali pasipo na choo, mwambie dereva wa watalii waziwazi: "Kaka, naomba dakika tano na gari lako." Wale ni watu wazima, wana dada na wake, wanajua. Mimi nilikuwa na kitenge kwenye begi la ramani, miaka yote ya mwisho. Kitenge, karatasi za chooni, mfuko wa kutilia uchafu. Abiria watasubiri. Katika wote niliowasubirisha dakika tano, hakuna aliyenilalamikia.

Usiende pia upande wa pili ukaruka umebanwa. Kibofu kilichojaa nacho kinavuruga akili. Kinakufanya utue haraka, na haraka ya namna hiyo ni hatari.

Tatu, lifikishe ofisini kwenu kwa maandishi. Andika: viwanja fulani na fulani havina choo, marubani wanaacha kunywa maji, na hili ni suala la usalama wa safari. Usiandike kama mtu anayeomba hisani. Ripoti za usalama zipo kwa ajili ya mambo kama haya. Mkiwa wanne watano, wa kike na wa kiume, mtie saini pamoja. Choo cha shimo kilichojengwa vizuri pembeni mwa kiwanja ni bei rahisi kuliko tairi la ndege.

Kitu kimoja cha kiufundi: chupa isikae sakafuni. Chupa ikibingirika ikaingia chini ya pedali wakati wa kutua, umejitengenezea ajali kwa mkono wako. Iwe ndogo, ifungwe, ikae mfukoni mwa mlango au wa kiti.

SWALI: Assalaam aleikum Mama Rubani. Ramadhani imekaribia. Mimi ni rubani msaidizi na nafunga. Wenzangu wanasema nisiruke, mimi naona nina nguvu. Mbona wazee wetu walilima wakiwa wamefunga?
M., Kaloleni, Arusha

JIBU: Waaleikumu salaam, mwanangu. Mimi ni Mkatoliki wa Kibosho, kwa hiyo upande wa dini nakuomba ukae na sheikh wako. Ninalolijua ni kwamba Kurani, Surat Al-Baqara aya ya 184 na 185, inampa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kula, kisha azilipe siku hizo baadaye. Muulize sheikh ruhusa hiyo inakuhusu vipi wewe ambaye kazi yako yenyewe ni safari.

Upande wa ndege nitasema bila kuficha: katika msimu wa joto, kwa ruka nne au tano kwa siku, nisingependa uketi pale ukiwa umefunga. Nguvu unazozihisi sizibishii. Mkulima akichanganyikiwa saa 9 alasiri anakaa chini ya mwembe mpaka akili irudi, na jembe halidondoki na watu kumi na wawili. Wewe huna mwembe.

Ukiamua kufunga, usifanye siri. Mwambie mpanga ratiba mapema, kabla ya mwezi kuandama, omba ruka za asubuhi na chache, au kazi za ofisini. Wengi hupanga likizo yao humo. Daku usiiache, na usiku kati ya futari na daku kunywa mara nyingi, kidogo kidogo. Na mwambie kapteni unayeruka naye. Huo mlango usiufunge, kwa sababu yeye ndiye atakayeona umeanza kupwaya kabla yako.

SWALI: Mama, nimesikia kahawa inakausha maji mwilini. Mimi bila vikombe viwili siamki. Niache?
Mwanafunzi wa urubani, Majengo, Moshi

JIBU: Usiache. Nimekulia chini ya mibuni, siwezi kumwambia mtu wa Moshi aache kahawa bila sababu. Kahawa ina kafeini inayoongeza mkojo kidogo, lakini kwa aliyeizoea, maji yaliyomo kikombeni ni mengi kuliko yanayotoka kwa ajili yake. Vikombe viwili havina neno. Tatizo ni anayekunywa kahawa mahali pa maji, kwa sababu kahawa inaondoa usingizi, naye anadhani imeondoa na upungufu.

Bia na mbege ni habari nyingine. Pombe inakamua maji kweli, na asubuhi yake unaamka na deni. Ukiwa na ruka kesho, kwenye sherehe ya leo onja kwa macho.

SWALI: Mama Rubani, mimi si rubani, ni dereva wa watalii, Arusha kwenda Serengeti. Haya ya maji yanatuhusu sisi wa ardhini?
Dereva, Ngaramtoni

JIBU: Yanawahusu sana, na pengine zaidi, maana ninyi mko peke yenu na hakuna wa kukwambia "kusini kuko wazi". Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliwaweka wanaume wachache kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji, barabara ndefu isiyo na mambo, saa mbili. Siku waliyokunywa maji ya kutosha walifanya makosa 47 kwa wastani. Siku waliyonyweshwa robo tu ya kiasi hicho makosa yakawa 101: kuvuka mstari, kuchelewa kukanyaga breki. Walikuwa watu wachache, kwa hiyo sizichukui namba zile kama msumari. Ila mtu aliyeendesha kutoka Makuyuni kwenda Karatu mchana wa jua, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi, hahitaji kuambiwa mara mbili.

Nimeona madereva mnawagawia wageni chupa za maji kila kituo, nanyi hamfungui hata moja. Yale ni ya kwenu pia.

SWALI: Mume wangu ni rubani. Amekutwa na jiwe kwenye figo, dogo, na anataka kulificha ili asisimamishwe kazi wakati wake wa kupimwa afya utakapofika. Amesema maumivu yameisha.
Mke, Usa River

JIBU: Mdogo wangu, asifiche. Rubani wa biashara anaruka kwa cheti cha afya, na jiwe la figo ni miongoni mwa mambo yanayomsimamisha kwa muda mpaka daktari aliyeidhinishwa aridhike. Sababu yake si ukatili. Jiwe likianza kushuka, maumivu yake yanamkunja mtu mzima chini akalia, na linaweza kuanza wakati wowote, hata ndege ikiwa futi mia tatu juu ya njia ya kutua.

Kusimama miezi michache kunauma mfukoni, najua. Kugundulika umeficha kunaweza kuondoa leseni kabisa. Aende kwa daktari, apigwe picha, afuate analoambiwa. Na karibu kila daktari atamwambia jambo hili: anywe maji mpaka atoe mkojo kama lita 2.5 kwa siku. Miaka mingi ya kubania maji kazini ni njia mojawapo inayoleta mawe hayo. Mwanangu wa Njiro na mama wa Sakina, someni na hapa.

Wengine watatu mmeuliza kuhusu rangi ya mkojo, niwajibu kwa pamoja. Ukiwa rangi ya majani makavu mepesi, uko vizuri. Ukikolea, umechelewa. Ukiwa mweupe kabisa kama maji ya bomba siku nzima, unakunywa kupita kiasi, nako kuna hatari yake, kwa sababu unazimua chumvi ya damu. Vidonge vya vitamini B vinaufanya uwe njano ya kung'aa, kwa hiyo siku hiyo rangi isikudanganye. Kwa mtu mzima anayeruka, kipimo cha FAA ni kama lita 2 hadi 4 kwa saa 24, kutegemea joto. Unga wa ORS, ule unaochanganywa na maji ili kurudisha maji na chumvi mwilini, uweke begini kwa siku uliyotoka jasho jingi. Ukikosa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji salama, vijiko visiwe na kilima. Ila kama unaharisha, ORS inywe nyumbani. Siku hiyo huruki.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu, Juni nitapanda ndege ndogo kwa mara ya kwanza. Baada ya kukusoma toleo lililopita juu ya marubani wasiokunywa maji nimepata hofu. Ni adabu kweli abiria kumuuliza rubani kama amekunywa maji?
Mwalimu, Rau, Moshi

JIBU: Marahaba mwalimu. Ni adabu, muulize kabla injini haijawashwa.

Niliwahi kumbeba bibi mmoja wa Machame, anakwenda kumwona mjukuu. Nilimfungia mkanda mwenyewe. Akanishika mkono, akanitazama midomo, akasema, "Mwanangu, midomo imekupasuka. Umekunywa nini leo?" Nikasema nitakunywa tukishafika. Akaufungua mkanda, akaniambia, "Basi na mimi nitapanda ukishakunywa." Abiria wengine wakakaa kimya. Nikatoa chupa mfukoni mwa kiti nikanywa nusu yake pale mlangoni, yeye akinihesabia mafunda kwa Kichaga. Alipotosheka akanipa mkanda nimfungie tena.